Kiganjani, kwa Nauli ya Matatu

Anayetaka cheti cha polisi cha tabia njema mjini Kitale huanzia kwenye simu. Huingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hujaza jina na nambari ya kitambulisho, hulipa shilingi 1,050 kwa M-Pesa, na baada ya dakika chache skrini humpa hongera. Hapo ndipo kazi inapoanza. Fomu iitwayo C24 lazima ichapishwe pande zote mbili za karatasi moja, na kwa kuwa simu haina printa, mwombaji hushika njia ya saiba. Akitoka saiba huenda Huduma Centre, au ofisi ya upelelezi inayochukua alama, akapanga foleni mpaka afisa amshike kidole kimoja baada ya kingine, akiviringishe kwenye wino na kukikandamiza kwenye fomu. Huduma iliyotangazwa kuwa kwenye ncha za vidole imemfikisha kweli kwenye ncha za vidole: zote kumi, nyeusi tititi, na kitambaa cha kujifutia hakipo.

Ahadi yenyewe imeenea mno. Benki, kampuni za simu, wizara na serikali za kaunti zote huahidi mambo kiganjani, mkononi, kwa kubofya tu. Serikali ya Kenya ilipozindua programu yake ya simu tarehe 30 Juni 2023 iliipa jina lisilo na mafumbo, Gava Mkononi, ikatangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimehamia mtandaoni, kutoka zisizofika 400 mwaka uliotangulia. Nje ya Kenya maneno haya ni ya siku nyingi. Novemba 1990 Bill Gates wa Microsoft aliwaahidi waliohudhuria maonyesho ya COMDEX, Las Vegas, kwamba habari zitakuwa kwenye ncha za vidole vya kila mtu, na tangu siku hiyo wauzaji wa teknolojia hawajaipumzisha kauli hiyo.

Mwalimu wa Kiingereza akipita penye mabango ya ahadi hizo huenda akakereka na kihusishi, maana mara nyingi huduma huwekwa juu ya ncha za vidole (on your fingertips) badala ya kuwa penye ncha hizo (at your fingertips). Kosa hilo ni dogo. Kubwa ni la maana. Hapo zamani Waingereza walimsifu kwa msemo huo mtu anayelijua jambo barabara, asiyehitaji kufungua kitabu wala kumwuliza jirani. Alichonacho ni chake. Ukiushika kwa maana hiyo, kipimo chake ni chepesi: huduma iko kiganjani pale mwenye haja anapoianza na kuimaliza mwenyewe. Kwa kipimo hicho, nyingi ya zile zinazoitwa huduma za kiganjani huko Kitale na Bungoma ziko kweli kiganjani, ila kiganja ni cha mtu mwingine.

Mtu huyo hupatikana saiba. Kitale, Bungoma, Webuye au Kimilili, saiba ni chumba chembamba chenye kompyuta nne au tano, printa inayokohoa, na ukutani orodha iliyopigwa laminesheni: KRA, SHA, HELB, KUCCPS, TSC, leseni ya udereva. Mteja haisogelei kibodi. Hukaa kando kwenye kiti cha plastiki, hutoa kitambulisho, hutaja mwaka wa kuzaliwa, na kijana wa saiba ndiye anayeandika, kwa barua pepe aliyomfungulia mteja papo hapo na kwa nywila anayoinakili kwenye daftari lililochakaa pembe, maana anajua mteja ataisahau kabla hajafika stendi. Mwaka unaofuata mteja hurudi kwa kijana yuleyule. Atakwenda wapi, na daftari liko kule?

Juni inapokaribia kuisha, vyumba hivyo hujaa pomoni. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha marejesho ya kodi, na sehemu kubwa ya waliopanga foleni ni vijana wasio na kipato chochote, waliokuja kuiarifu KRA, mamlaka ya kodi, kwamba mwaka mzima hawakuingiza hata senti, kwa kuwa kunyamaza kunaweza kuwaletea faini ya shilingi 2,000. Humlipa kijana wa saiba ili awasaidie kuthibitisha kwamba hawana pesa.

Kijana huyo hana kosa. Amejaza pengo ambalo wapangaji wa mfumo hawakuliona, au waliliona wakalinyamazia. Lakini tuseme ukweli: amekuwa karani wa serikali asiye na mshahara, asiye na kiapo na asiye na msimamizi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, yenye vifungu vinavyowabana wote wanaohifadhi habari za watu. Daftari lile, lenye nambari za vitambulisho na nywila za nusu ya kata, limelazwa chini ya droo isiyo na kufuli.

Sensa ya 2019 ilikuwa imeshatoa onyo. Kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu, na asilimia 22.6 tu ndio waliokuwa wakitumia intaneti. Simu zimeongezeka tangu wakati huo, hasa za mkopo. Hata hivyo, sehemu kama Kwanza, Endebess na Kapsokwony bado zina wazee wengi wenye kabambe ya vitufe, inayochajiwa dukani kwa jirani na kukaa na chaji wiki nzima. Kabambe haifungui eCitizen. Inachoweza ni kubonyeza nyota na alama ya reli, na huduma iliyojengwa juu ya vitufe hivyo ndiyo iliyomfikia kila mtu.

M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007, na kati ya huduma zote za simu nchini ndiyo iliyo karibu zaidi na kustahili msemo wenyewe. Mama anayeuza vitunguu soko la Chwele hupokea malipo bila bando, kwenye menyu anayoweza kuisoma kwa Kiswahili, na anakifahamu kila kituo cha safari ya pesa yake. Ajabu ni kwamba siri ya mafanikio hayo haikuwamo ndani ya simu. Ilikuwa kwenye kibanda cha kijani cha wakala, kilichojengwa hatua chache kutoka mahali watu wanapouza na kununua. Simu ilibeba ujumbe. Wakala ndiye aliyebeba noti. Siku noti zikimwishia wakala, mama wa Chwele hugundua haraka sana kwamba pesa iliyo kiganjani hainunui nauli ya kurudi nyumbani.

Gharama nayo ni hadithi ndefu. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, serikali ilipopandisha ushuru wa huduma za kutuma pesa kutoka asilimia 12 hadi 15, kutoa shilingi 200 kwa wakala hukatwa shilingi 29, kiasi kilekile kinachokatwa anayetoa 2,500. Mwenye kidogo hulipa kwa uwiano mkubwa kuliko mwenye kingi. Lakini angalau bango la viwango limebandikwa ukutani kwa wakala, na mteja huhesabu kabla ya kubonyeza. Kwenye huduma za serikali bei ya kweli haiandikwi popote, maana ndani yake mna nauli, saiba, kuchapisha, na siku ya kibarua iliyopotea.

Kitale ina mfano wa zamani zaidi, na wataalamu wa serikali ya kidijitali wangefaidika kuusoma kabla ya kuandika mkakati mwingine. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, mwanzoni ikijishughulisha na mbegu za nyasi za malisho. Mwaka 1964 watafiti wa kituo cha Kitale walitoa mahindi ya mseto yaliyoitwa H611, mtoto wa mahindi ya Kitale na aina moja kutoka Ecuador. Mbegu ya mseto ina shida yake: mkulima hawezi kuhifadhi punje za mavuno akazipanda tena bila mazao kushuka, hivyo lazima anunue upya kila mwaka. Kama kila msimu ingemlazimu kwenda mpaka mjini, angeiacha.

Kenya Seed ilimpelekea dukani. Mbegu zilifungwa kwenye pakiti zilizomfaa mwenye shamba dogo, na kilo 10 zilitosha ekari moja. Wenye maduka ya vijijini, walewale waliouza sukari, chumvi na mafuta ya taa, walifanywa mawakala kwa kamisheni. Hapakuwa na fomu, usajili wala kibali cha chifu. Mwenye pesa alinunua, asiye na pesa aliomba mkopo kwa mwenye duka aliyemjua baba yake. Mtafiti John Gerhart alipoichambua habari hiyo ya magharibi mwa Kenya katika utafiti uliochapishwa na kituo cha utafiti wa mahindi, CIMMYT, mwaka 1975, alikuta mahindi ya mseto yameenea kwa kasi iliyolingana na ile ya wakulima wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, au hata kuipita. Wakulima wa ekari mbili, wengi wao hawajakanyaga darasa, hawakuachwa nyuma na wale wa Iowa. Bila shaka mbegu yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini mbegu nzuri iliyofungiwa ghalani Kitale isingefika Tongaren kwa uzuri wake.

Miaka sitini hivi baadaye, katika mashamba yaleyale, ikaja vocha ya mbolea.

Bei ya mbolea ilikuwa imepaa, na mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulivuka shilingi 6,000 madukani. Serikali ikaleta ruzuku: shilingi 3,500 kuanzia msimu wa 2022, kisha 2,500 kuanzia Agosti 2023. Kwa mkulima wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, anayetegemea msimu mmoja mkubwa wa mahindi, huo ulikuwa msaada wa kweli, na anayeubeza hajawahi kununua mbolea. Wakulima waliandikishwa kupitia machifu, majina yakaingizwa katika mfumo wa KIAMIS, na vocha ikatumwa kama ujumbe mfupi. Mpaka hapo, kiganjani.

Mfuatilie sasa aliyepokea ujumbe huo. Kwanza, huenda hakuupokea. Nambari aliyoandikisha ilikuwa ya mwanawe aliye Nairobi, na mwana yuko kazini, au amebadilisha laini. Ujumbe ukipatikana, idadi ya mifuko hufuata ekari alizotaja siku ya kuandikishwa, na shamba alilokodi baadaye halimo. Kisha kuna safari ya kwenda ghala la bodi ya nafaka, NCPB, Kitale au Bungoma kutegemea anakoishi. Pale lango huwa na foleni ya watu, mikokoteni na pikapu za kukodi, na msimu ukipamba moto wapo wanaolala hapohapo. Zamu yake ikifika hulipa kwa simu, hungoja mtandao uthibitishe, hupakia mifuko miwili kwenye boda boda na kuomba barabara isiwe na matope. Akijumlisha nauli, boda na siku alizopoteza, mfuko wa 2,500 umeacha kuwa wa 2,500.

Na mvua haimsubiri. Trans Nzoia mahindi hupandwa Machi na Aprili, na mbolea ya kupandia lazima iingie shimoni pamoja na mbegu. Ikifika Mei ni mali, lakini haina kazi tena kwa mahindi yaliyokwisha kuota. Takwimu za wizara huihesabu vocha iliyotumwa Februari sawasawa na ile iliyotumwa mwishoni mwa Aprili. Shambani hazifanani hata kidogo, na kasoro hii ndiyo kubwa kuliko zote katika kuupima ufikiaji kwa kuhesabu ujumbe.

Serikali iliona baadhi ya haya na kuanza kusogeza mifuko kwenye vyama vya ushirika na vituo vingine karibu na wakulima. Ilikuwa hatua sahihi, na ilikuwa, kwa kweli, kurudia aliyoyafanya mwenye duka wa 1964. Kisha, Machi 2024, waandishi wa habari wa uchunguzi wakafichua kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwenye mpango huo wa ruzuku haikuwa mbolea ya maana. Serikali iliahidi kuwafidia walioumizwa. Vocha zao zilikuwa halali, malipo yalipita, mfumo uliandika kuwa kila kitu kimekamilika.

Ni haki kuutaja upande wa pili. Mwanafunzi wa Mlima Elgon anayeomba mkopo wa masomo wa HELB leo hafungi safari ya kwenda Nairobi, takriban kilomita 380 kutoka Kitale, kupeleka fomu ambayo ingeweza kurudishwa kwa kukosa muhuri mmoja. Anayechagua chuo kupitia KUCCPS huona mwenyewe alama za kujiunga na kozi. Wale madalali waliokuwa wakisimama nje ya ofisi na kuuza fomu za bure wamepungukiwa na riziki, na hakuna anayewalilia. Anayedai turudi kwenye mafaili ya vumbi hakuyaona mafaili hayo yakipotea.

Tatizo huanza pale njia ya mtandao inapogeuzwa kuwa njia pekee. Mwishoni mwa Julai 2023, wiki chache baada ya sherehe za Gava Mkononi, eCitizen ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Aliyekuwa na shughuli ya pasipoti, leseni au tiketi ya treni alisimama palepale alipokuwa. Ofisi zilikuwa wazi, makarani walikuwapo, na hawakuwa na la kufanya.

Mwaka uliofuata ulileta mfano mwingine, huu ukiigusa Trans Nzoia na Bungoma moja kwa moja. Wizara ya Elimu iliagiza karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen. Katika kaunti hizi mbili ni jambo la kawaida mzazi kufika shuleni na magunia ya mahindi au maharagwe. Mhasibu huyapima, huyatia bei ya siku, na kuandika risiti. Shule hupata chakula, mtoto hurudi darasani. Tovuti haina mahali pa kuandika gunia. Agizo hilo lilipelekwa mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba linakiuka Katiba. Ada ya shilingi 50 inayotozwa kwa kutumia mfumo nayo haikupona.

Mahakama haikuhitaji kubuni kitu. Kifungu cha 6 cha Katiba ya 2010 kinavitaka vyombo vya serikali ya kitaifa vihakikishe huduma zao zinapatikana kwa kiasi kinachofaa katika sehemu zote za nchi. Kifungu cha 174, kinachotaja sababu za kuwa na ugatuzi, kinazungumzia huduma zilizo karibu na wananchi na zinazofikika kwa urahisi. Karibu, kwa maana ya Katiba, ni suala la mwananchi na mahali alipo. Halikufutwa siku simu zilipoingia mifukoni.

Bima ya afya ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi maneno yanavyoweza kuteleza. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujiandikisha ni kubonyeza *147#, hata kwa kabambe, na hilo linastahili sifa. Mamilioni wameitikia. Lakini kujiandikisha si kutibiwa. Asiye na mshahara hupimwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na sheria humtaka alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 au zaidi. Mpanda mahindi hupata fedha zake kati ya Oktoba na Desemba, akishavuna. Akiugua Juni, alichonacho kiganjani ni nambari ya uanachama. Waliolipa ni wachache mno wakilinganishwa na walioandikishwa, na tofauti hiyo ndiyo ingepaswa kusomwa kwa sauti kila afisa anapopanda jukwaani.

Yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji programu mpya. Wizara ya Kilimo itangaze, kaunti kwa kaunti, mifuko iliyofika kwa wakulima kabla ya tarehe 1 Aprili, badala ya vocha zilizotumwa. SHA iruhusu mchango wa mkulima ufuate mavuno. Serikali za kaunti ziwatambue vijana wa saiba: ziwape mafunzo, leseni na bei elekezi iliyobandikwa ukutani kama ile ya wakala wa M-Pesa, na ziyapige marufuku madaftari ya nywila. Kila huduma ya mtandaoni ibaki na dirisha lenye mtu ndani, Kitale na Bungoma, na kwa zile zenye msimu, Endebess na Kapsokwony pia.

Na wewe msomaji, ukienda saiba wiki hii, barua pepe atakayokufungulia kijana iandike kwenye karatasi yako, nywila uichague wewe, na ukitoka pale uibadilishe. Kisha uulize ni nambari gani ya simu iliyoandikishwa kwa jina lako kwenye KIAMIS na kwenye SHA. Kama ni ya mwanao aliye Nairobi, irekebishe sasa, kabla msimu wa kupanda haujafika.